Pipa likijaa, maji yaende wapi? Kutunza maji ya mvua kwenye kiwanja cha mlimani Mwanza

Pipa la lita 200 halichelewi kujaa. Mvua kali ya masika, ile inayokuja na upepo kutoka ziwani na kupiga mabati mpaka mnaongea kwa kupaza sauti, inalijaza ndani ya dakika kumi. Na ikishalijaza, inaendelea kunyesha. Mimi ni fundi wa misingi na kuta za kuzuia udongo huku milimani, Bugarika, Igogo, Mabatini, Isamilo, na kila anayeniita nimtengenezee mambo ya maji namuuliza kwanza swali hilo moja: pipa likijaa, maji yanayobaki umeyapangia kwenda wapi? Wengi wanajibu, "Mtaroni." Nikiomba nionyeshwe mtaro, naonyeshwa ukingo wa kiwanja, na chini yake naona bati la jikoni la jirani.

Huo si mtaro. Huku kwetu nyumba zimepangana kwenda juu, na maji unayoyatoa kwako yanaingia kwa mama wa chini, yanachimba msingi wake, yanashuka kwa anayefuata, mpaka yanafika Mto Mirongo. Mirongo nao unayapeleka ziwani pamoja na udongo, chupa za plastiki na vyoo vilivyofurika njiani. Magugumaji yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yanashiba uchafu huohuo. Kwa hiyo ninachoeleza hapa kina nusu mbili: kuweka mapipa, na kuyapa maji ya ziada mahali pa kuzama ndani ya kiwanja chako. Nusu ya pili ndiyo watu wanairuka, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Anza na hesabu, hata kwa kidole

Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye meta moja ya mraba inatoa lita moja. Ukishika hilo, umemaliza darasa. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina paa la meta za mraba 80. Pima chini, kwenye ardhi, kutoka tone la bati upande huu hadi tone la upande ule. Usipande juu kupima mteremko wa bati, kwa kuwa mvua inaangalia kivuli cha paa, si urefu wa bati. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu si ajabu kwa mchana mmoja wa Aprili, inaleta lita 2,400 kwenye paa hilo. Mwanza inapata kama milimita 1,000 kwa mwaka, yaani lita 80,000 kutoka kwenye nyumba moja. Toa kidogo kwa ajili ya maji yanayoruka na kukauka juu ya bati. Bado ni mengi sana kuyaachia yamwagike hovyo.

Sasa weka pipa mbele ya hesabu hiyo. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia ndoo mbili za lita 20 kwa siku, inamaliza lita 240. Pipa moja halifikishi siku. Anayetaka maji ya kuvuka kiangazi, Juni hadi Septemba, atafute matenki makubwa, kwani kwa matumizi hayo hata lita elfu tano zinaisha ndani ya wiki tatu. Pipa linakusaidia kufua, kumwagilia, kuosha choo, kupumzisha bili na kupunguza kishindo cha maji ya kwanza. Ndiyo kazi yake, na ni kazi nzuri.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya mjini havitakuambia: jiwe lililo nyuma ya nyumba yako lihesabu pia. Jabali la graniti halinywi maji. Likiwa na mgongo wa meta za mraba 50 unaotazama kwako, karibu maji yote yanayoliangukia yanashuka uani, na yanashuka kwa kasi kuliko ya batini. Nimeona nyumba yenye gata nzuri (mfereji wa kukingia maji ya paa), mapipa mazuri, na bado ukuta wa nyuma umelowa hadi dirishani, kumbe maji hayatoki kwenye paa kabisa. Mvua inaponyesha, toka na mwavuli uzunguke nyumba. Angalia maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Kazi ya nusu saa ya namna hiyo inaokoa mifuko ya saruji.

Mapipa, upesi

Pipa la plastiki la buluu ndilo linalofaa. Uliza lilibeba nini. La mafuta ya kula au juisi, chukua. La dawa za kilimo au kemikali za migodini, liache hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Dhahabu ya kanda yetu inasafishwa kwa sianidi na kemikali nyingine, na pipa la namna hiyo halioshwi likawa safi. Muuzaji asiyejua pipa lake limetoka wapi, mshukuru, uende kwa mwingine. Epuka pia chombo kinachopitisha mwanga. Maji yake yanakuwa ya kijani baada ya muda mfupi.

Gata ishikwe kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kwa mteremko wa nusu sentimita kila mita, kuelekea upande wa pipa. Fundi akikuambia ataiweka sawa kabisa ili ipendeze, mkatalie. Maji yatalala humo na mbu watataga.

Usiruhusu maji ya kwanza yaingie kwenye pipa la kutumia. Mabati yetu yanabeba vumbi la miezi, kinyesi cha kunguru, mifupa na magamba ya dagaa ambayo ndege wameyadondosha, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufa kwa maelfu juu ya nyumba. Njia rahisi ni bomba la kuteremka lenye tii, yaani kiungo cha njia tatu. Mguu mmoja wa tii unashuka wima hadi karibu na chini na kuzibwa kwa kofia ya kufungua. Mguu wa pembeni unakwenda kwenye pipa. Maji machafu yanajaza kwanza ule mguu wa chini, ukijaa ndipo safi yanapita pembeni. Bomba la inchi 4 linabeba karibu lita 8 kila mita. Nusu ya paa letu, meta za mraba 40, inahitaji kutupa angalau lita 20 za kwanza, kwa hiyo mita mbili na nusu za bomba zinatosha, na urefu huo unapatikana ukutani bila shida. Toboa kitundu cha msumari kwenye kofia ili bomba lijimwage lenyewe taratibu baada ya mvua, na tupa mabaki yaliyojaa ndani kila wiki.

Pipa lililojaa lina kilo 200. Kiwanja kikiwa cha mteremko, pipa likiyumba likaanguka linaweza kumuua mtoto wa nyumba ya chini. Chimba mpaka udongo mgumu, mwaga jamvi dogo la zege, panga juu yake tofali za inchi 6 zilizojengwa kwa udongo wa saruji, sio za kupachikwa tu, mpaka ndoo iingie chini ya koki. Koki ikae sentimita kumi juu ya kitako cha pipa, tope libaki chini. Mapipa mawili yaunganishe kwa bomba chini, yatajaa na kushuka pamoja. Kifuniko kifungwe, na kila tundu liwe na wavu wa mbu, kwani yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi, na kanda ya ziwa haina haja ya malaria zaidi. Maji hayo ya kunywa, chemsha.

Na sasa bomba la kutolea ziada. Liwe na upana uleule wa bomba la kuingizia. Ikiwa maji yanaingia kwa inchi 4, yatoke kwa inchi 4. Karibu kila pipa ninaloitwa kulitazama lina tundu la kutolea la nusu inchi, na mvua kubwa inapokuja maji yanafurika kwenye kifuniko, yanashuka kwenye zile tofali za chini ya pipa, na yanakula udongo uliozishika. Kutoka hapo lipeleke bomba, juu ya ardhi au chini yake, mpaka kwenye bustani ya kuyazamisha, ambayo naieleza sasa.

Bustani ya kunywea maji

Wasukuma hatuhitaji kufundishwa jambo hili tangu mwanzo. Ni jaruba dogo, ila la mpunga unataka likae na maji na hili unataka liyanywe. Shimo pana lenye kina kifupi, kitako kilichosawazishwa, tuta upande wa chini, mimea yenye mizizi mirefu. Maji yanaingia, yanatulia, udongo unayafyonza kwa siku moja au mbili, basi. Yakikaa zaidi ya siku mbili umetengeneza bwawa la mbu.

Kuchagua mahali ndiko kunakohitaji utulivu. Liwe chini ya nyumba kwa mteremko, angalau mita tatu kutoka ukutani, ili usilainishe msingi wako mwenyewe. Likae mbali na choo na karo (shimo la maji machafu), tena lisiwe juu ya karo. Usilisogeze hadi ukingoni mwa kiwanja. Acha nafasi ya mita kadhaa kabla ya ukuta wa jirani, hasa kama ukuta huo unazuia udongo. Ukuta wa mawe usio na matundu ya kupumulia maji ukijazwa maji kwa nyuma, unasukumwa na kuanguka.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: usichimbe chini ya jiwe kubwa, wala usielekeze maji kwenye udongo uliolishika jiwe, wala usiweke bustani hii mlimani juu ya jiwe hilo. Mawe mengi ya Mwanza unayoyaona yamesimama juu ya mengine au juu ya udongo. Limesimama pale miaka yote kwa sababu kilicho chini yake hakijasogea. Maji ni ya kwanza kukisogeza. Kama kiwanja chako chote kiko chini au juu ya jabali la namna hiyo, acha bustani, jenga mtaro wa zege uyatoe maji hadi mfereji wa barabarani, na ukubaliane na majirani kuhusu njia yake.

Ukishapata mahali, jaribu udongo. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yapotee, lijaze tena. Sasa simamisha rula ndani. Yakishuka sentimita mbili na nusu au zaidi kwa saa, endelea. Udongo wa luseni, ule wa kichanga wa miguuni mwa milima, utayanywa haraka kuliko ulivyotarajia. Mbuga nyeusi ya mabondeni, udongo mzito wa mfinyanzi kama ule wa kuelekea Usagara, itayanywa kwa saa ya kwanza kwa sababu ya nyufa zake, kisha itafunga; ndiyo maana tunajaza mara mbili. Ukigonga mwamba kabla ya sentimita 30, hama.

Ukubwa unatokana na hesabu ile ya mwanzo. Chukua nusu ya paa, meta za mraba 40, mvua ya milimita 30: lita 1,200. Mapipa mawili yakipokea 400, zinabaki 800. Shimo la mita 2 kwa 3, lenye kina cha sentimita 15, linabeba lita 900. Umetosheleza. Udongo ukiwa mzito, ongeza upana, usiongeze kina. Ukiwa na jiwe linalomwaga uani, liongeze kwenye hesabu. Unaweza kujenga juu ya mgongo wa jiwe kijituta cha zege cha urefu wa kiganja, kikakusanya maji na kuyapeleka upande unaoutaka. Wenzetu wa Kitui, Kenya, wanavuna maji ya majabali kwa vituta hivyohivyo.

Chimba wakati wa kiangazi, Agosti au Septemba, kabla ya vuli. Urefu wa shimo uukate mteremko, usiufuate. Udongo unaoutoa upande wa juu uuweke upande wa chini uwe tuta, uushindilie kwa miguu tabaka kwa tabaka. Kitako kiwe sawa. Hapo tumia mpira wa leveli, ule mpira mwembamba wenye maji tunaotumia kupimia msingi. Jicho linadanganya sana kwenye mteremko. Kisha chukua mtaimbo ulegeze kitako sentimita 30 nyingine kwenda chini bila kuutoa udongo, changanya na mboji iliyooza vizuri, na kama udongo ni mzito, mchanga. Samadi mbichi isiwemo. Mvua ya kwanza itaipeleka ziwani. Ukishalegeza usikanyage tena humo ndani. Simama juu ya ubao.

Maji yanapoingilia weka mawe bapa, mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu maji ya bomba la inchi 4 yanachimba. Na kwenye tuta acha mlango: sehemu ya upana wa nusu mita iliyo chini ya kimo cha tuta kwa sentimita tano, iliyopangwa mawe. Jaruba likijaa, maji yatoke hapo kwa adabu, yatawanyike kwenye majani, badala ya kupasua tuta mahali pasipojulikana. Mlango huu usielekee nyumba ya mtu.

Cha kupanda. Kitakoni, panapolowa zaidi, magimbi na maua ya kana. Vyote vinavumilia maji na vinavumilia kiangazi ukivipa ndoo mara mojamoja. Mgomba uupande karibu na maji yanapoingilia, lakini pembeni, kwenye mwinuko. Juu ya tuta weka mchaichai au nyasi za vetiva kwa safu iliyobanana, mizizi yake ndiyo nondo ya tuta. Ukoka ujaze panapobaki wazi. Papai liweke mbali, mizizi yake inaoza ikituamiwa na maji. Na tafadhali usichukue gugumaji ziwani kulipamba shimo lako, hata kama maua yake yanakuvutia. Watu hufunika udongo kwa pumba za mpunga kwa kuwa huku zinapatikana bure, ila humu hazifai, zinaelea zote na kukusanyika mlangoni. Kokoto, au majani makavu mazito ya mgomba yaliyobanwa kwa mawe, yatakaa.

Mteremko ukiwa mkali

Kiwanja kikishuka zaidi ya mita moja kwa kila mita nane, usichimbe jaruba, tuta litabeba uzito lisioweza kuubeba. Panga mistari ya mawe kukata mteremko, kila mmoja umepimwa kwa mpira wa leveli uwe sawa mwanzo hadi mwisho, mawe makubwa chini yakiwa yamezikwa theluthi yake, madogo yakijaza matundu. Nyuma ya kila mstari panda vetiva au mchaichai. Maji yanapita katikati ya mawe lakini yameishiwa nguvu, udongo unabaki nyuma, na baada ya misimu michache unakuwa na ngazi za asili. Mawe huku kwetu hayakosekani. Kinachotakiwa ni mikono na mtaimbo, na vijana wa mtaani wanaifanya kazi hiyo vizuri wakielekezwa mstari.

Walio ufukweni

Ukikaa Igombe, Luchelele au kokote karibu na maji, jaribio la shimo litakupa jibu tofauti: ukiendelea kuchimba, huenda ukakuta maji ya ziwa yenyewe kwenye sentimita 50. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba na mialo mingi ya wavuvi kuzunguka pwani yake yote. Huko bustani ya kuchimba haifanyi kazi, maji hayana pa kuzama. Weka matenki mengi zaidi, na kati ya uani na ziwa acha mkanda mpana wa matete na nyasi bila kuukata hadi chini, uchuje maji yanayopita. Kumbuka pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kwa hiyo usianze kujenga chochote hapo bila kuuliza ofisi ya mtaa.

Matunzo

Mvua kubwa ya kwanza ya msimu, toka ukaangalie. Saa 24 baadaye angalia tena kama maji yamezama. Yakiwa bado yamo siku ya tatu, tope limeziba kitako, lisubiri likauke ulikwangue na ulegeze udongo tena. Tope hilo ni zuri, litie kwenye shina la mgomba. Gata zisafishwe Septemba na tena Februari, kabla ya masika. Mawe ya kwenye mlango wa tuta huwa yanasogea kila msimu, yarudishe mahali pake.

Kabla hujaanza yote haya, shuka uongee na jirani wa chini. Mwambie, "Shikamoo mama, mwaka huu nataka maji yangu yasije kwako, njoo nikuonyeshe nitakapochimba." Yeye ndiye anayejua maji yako yanapita wapi saa nane za usiku, kwa kuwa ndiye anayeamka kuyazuia. Mara nyingi atakuonyesha njia ya maji ambayo wewe wa juu hujawahi kuiona, na ikibidi mstari wa mawe uvuke mpaka, mtaujenga pamoja.